Naomba ushauri: alama za ESG na faida ya kampuni, nipime vipi?

Wakuu habari zenu, naomba msaada kwa wenye uzoefu na risachi za biashara. Niko masta, mada yangu ni kama kampuni zinazojali mazingira, wafanyakazi na jamii zinafanya vizuri zaidi kifedha. Hayo mambo ndo ESG (mazingira, jamii na utawala), na kuna mashirika yanayozipa kampuni alama kwa hilo. Upande wa faida nimechagua ROA (faida ukigawa kwa mali zote za kampuni) sababu inatoka moja kwa moja kwenye hesabu za kampuni, supavaiza anataka na Tobin's Q maana hiyo inaangalia soko linavyoithamini kampuni, sawa, sina ubishi.

Shida ni alama za ESG. Wanaozitoa hawakubaliani kabisa, watafiti Berg, Kölbel na Rigobon walilinganisha mashirika 6 wakakuta uwiano (korelesheni, 1 ndo kukubaliana kabisa) wa wastani 0.54 tu, wakati kwenye alama za uwezo wa kulipa mikopo ni zaidi ya 0.9. Sasa nikichukua shirika moja si matokeo yatategemea nimemchagua nani? Nikisema nisome ripoti za GRI (ripoti za mambo hayo ambazo kampuni inaandika yenyewe kwa viwango vya kimataifa) nijipangie alama mwenyewe, hapo kampuni inajisifia yenyewe (nani ataandika ubaya wake jamani).

Halafu watafiti Waddock na Graves mwaka 1997 walionyesha uhusiano unaenda pande zote mbili, yani kampuni yenye hela ndo ina uwezo wa kugharamia hayo mambo. Je nikitumia alama za mwaka uliopita na faida ya mwaka huu inatosha, au lazima GMM (mbinu ya takwimu ya kushughulikia uhusiano wa pande mbili kama huo)? Kampuni zangu ni chache, na kwa sampuli ndogo instrumenti (vigezo saidizi ambavyo GMM inavitumia) zikizidi majibu hayaaminiki. Aliyewahi kupita hapo alifanyaje?