Hoteli za kifahari za mifereji ya Amsterdam: bei ya sebule ya bwana, chumba cha jikoni!

Wakuu, heshima kwenu. Nina hasira na sitaificha. Kama unapanga kuja Amsterdam, iwe fungate au kuwatembeza wazazi, na umevutiwa na zile hoteli ndogo za kifahari zilizo ndani ya majumba ya kale kando ya mifereji, soma uzi huu kabla hujaweka namba za kadi yako popote.

Naishi huku Uholanzi. Mama alikuja kutoka Tanga kunitembelea, nikataka alale siku chache katikati ya jiji, mahali ambapo akifungua pazia anaona maji na maboti. Nikalipia chumba katika hoteli mojawapo ya hizo. Jina silitaji kwa sasa kwa sababu bado nawadai. Kwenye picha kuna dirisha refu, dari la nakshi na mfereji mbele, na tangazo linasema chumba cha upande wa mfereji. Tulichokabidhiwa ni chumba kilichozama nusu ardhini. Ukichungulia dirishani unaona viatu vya wapita njia na matairi ya baiskeli. Upande ni wa mfereji kweli, ila maji huyaoni hata tone.

Nikarudi mapokezi. Kijana akaniambia kimebaki kimoja tu, ghorofa ya nne, na lifti hakuna. Mama yangu ana goti bovu, na ngazi za nyumba hizi zimesimama kiasi kwamba unapanda umeshika kamba ya pembeni. Nikiuliza kuhusu lifti naambiwa, "Hii ni nyumba ya urithi, haturuhusiwi kubadilisha." Nikiuliza kuhusu unyevu ukutani, urithi. Nikiuliza kwa nini picha ni ya chumba kingine kabisa, naambiwa kila chumba kina upekee wake.

Urithi ni kweli upo, sibishani na hilo. Mifereji mikubwa ya Herengracht, Keizersgracht na Prinsengracht ilianza kuchimbwa mwaka 1613, na eneo lote liliingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2010. Majumba mengi yanalindwa kisheria, huvunji ukuta bila kibali. Viwanja ni vyembamba na vinaingia ndani sana, kwa hiyo ngazi zilibanwa. Ndiyo maana juu kabisa ya nyumba nyingi kuna boriti yenye ndoano: mizigo ilivutwa kwa kamba na kuingizwa dirishani, na mpaka leo watu wakihama makabati yao hupita njia hiyo hiyo. Wenye nyumba waliishi kwenye vile vyumba vya madirisha marefu. Chini, nusu ardhini, kulikuwa na jiko na kazi za watumishi. Nenda Museum Van Loon pale Keizersgracht, utaona mpangilio huo kwa macho yako.

Wamiliki wa hoteli wanayajua haya kuliko mimi. Wanajua wanakupangia jikoni. Na wanachukua bei ya sebuleni!

Sheria inaweza kuwazuia kuweka lifti, sawa. Ni sheria gani inayowazuia kuandika kwamba lifti hakuna? Nyumba ya Anne Frank, yule msichana Myahudi aliyewaficha Wanazi humo wakati wa Vita Kuu ya Pili, iliyopo Prinsengracht 263, ni ya namna hiyo hiyo, na inawaambia wageni mapema kwamba ngazi zake ni kali na kwamba ile sehemu ya nyuma alikojificha haifikiki kwa kiti cha magurudumu. Hiyo ni makumbusho, unaingia na kutoka. Hawa wanaokulaza usiku kucha kwa mamia ya euro wanashindwa nini?

Halafu tuje kwenye bei. Tangu 2024 kodi ya watalii Amsterdam ni asilimia 12.5 ya bei ya chumba kabla ya VAT. Na tangu Januari 2026 VAT ya malazi imepanda kutoka asilimia 9 hadi 21. Piga hesabu: chumba cha euro 300, VAT 63, kodi ya watalii 37.50, jumla 400.50. Kodi ni haki ya serikali na ya jiji, sina neno. Ugomvi wangu ni hoteli kukuonyesha bei moja ukurasa wa kwanza, kisha kodi ya watalii inajitokeza mwishoni kwa maandishi ya sisimizi, au unadaiwa pale kaunta ukiwa umesimama na mabegi. ACM, mamlaka ya Uholanzi inayosimamia haki za walaji, inataka bei inayotangazwa kwa mlaji iwe na gharama zote zisizoepukika. Hawa wanafanya kama haiwahusu.

Jeuri inatoka wapi? Vitanda ni vya kugombania. Tangu 2024 jiji haliruhusu hoteli mpya mpaka nyingine ifungwe, na idadi ya vitanda isiongezeke. Nawaelewa wakazi waliochoshwa na watalii. Lakini aliyekwisha kuwa ndani anajua ukikataa wewe, kesho atakuja mwingine.

Kilichonimaliza ni kile kijitabu chumbani kinachomsifu mfanyabiashara wa karne ya 17 aliyejenga nyumba, hodari wa bahari na wa viungo vya chakula. Utumwa hautajwi hata kwa mstari mmoja, wakati Meya Femke Halsema aliomba radhi hadharani tarehe 1 Julai 2021 kwa ushiriki wa jiji katika biashara ya watumwa. Mama akaniuliza, "Mwanangu, na waliokuwa wakilala humu chini walikuwa nani?" Kijitabu hakina jibu.

Nimewaandikia nikitaka tofauti ya bei kati ya chumba nilicholipia na tulicholala, pamoja na picha zote. Wamenijibu kwa kunipa punguzo nikirudi tena. Sirudi, nataka pesa yangu. Mliowahi kudai hoteli za huku mkarudishiwa, nielekezeni: mlianzia ACM, au kwenye benki iliyotoa kadi?