Kornei Chukovsky: kwa nini aliacha kutunga ngano za watoto?

Msomaji wa Ngano:

Salaam, ndugu wasomaji. Nimekuwa nikifuatilia maisha ya Kornei Chukovsky, mtunzi Mrusi aliyezaliwa St Petersburg mwaka 1882, ambaye ngano zake za mashairi watoto wa Urusi huzikariri kabla hata hawajajua kusoma. Kuna jambo linalonitatiza. Ngano zake mashuhuri, kuanzia ile ya mamba anayetembea mitaani hadi ile ya Daktari Aibolit anayetibu wanyama, karibu zote zilitoka kati ya mwaka 1917 na 1929. Aliishi hadi mwaka 1969, kalamu ikiwa mkononi, lakini katika fani hiyo aliongeza machache mno. Je, alichoka, alikatazwa, au aliona amemaliza? Na je, ni kweli kwamba ngano yake ya mende mwenye masharubu, anayewatisha wanyama wakubwa kwa wadogo, ilimlenga Stalin?

Mfuatiliaji wa Fasihi:

Ndugu Msomaji, nianze na mende, kwa kuwa jibu lake ni fupi. Ngano hiyo ilichapishwa mwaka 1923, Lenin akiwa bado hai na Stalin akiwa hajawa mtawala asiye na mpinzani, kwa hiyo sioni namna ambavyo mtunzi angeweza kumlenga. Wasomaji wa miaka ya baadaye ndio waliomwona mtawala wao katika masharubu yale, na siwalaumu.

Suala la kunyamaza ni zito zaidi. Tarehe 1 Februari 1928 Pravda, gazeti la chama tawala cha Kikomunisti, lilitoa makala ya Nadezhda Krupskaya, mjane wa Lenin na mmoja wa viongozi wa elimu, akiishutumu ngano ya mamba kuwa ni takataka za kibepari. Mwandishi mashuhuri Maxim Gorky alimtetea mtunzi katika gazeti hilohilo, ila mlango ulikwisha kufunguliwa, na wakosoaji wengine wakafuata. Hoja yao ilikuwa kwamba mtoto wa dola mpya ya Kisovieti afundishwe mambo ya kweli, yaani mashine, kazi na maumbile, na kwamba wanyama wanaosema, au beseni la kunawia linalomkaripia mtoto mchafu, vitampotosha akili. Jina lake likageuzwa kuwa tusi, "chukovshchina". Desemba 1929 barua yake ilichapishwa katika gazeti la fasihi, Literaturnaya Gazeta, akizikana ngano zake na kuahidi vitabu vya kuwafaa watoto wa zama mpya, kikiwamo kimoja juu ya mashamba ya ushirika. Kitabu hicho hakukiandika kamwe.

Mlezi wa Maneno:

Namshukuru ndugu aliyetangulia, lakini hadithi hii haiwezi kuishia kwenye barua. Chukovsky alikuwa na binti mdogo, Mura, aliyezaliwa mwaka 1920 na ambaye jina lake limo katika mashairi ya baba yake. Muda mfupi baada ya barua ile, mtoto aliugua kifua kikuu cha mifupa. Wakampeleka Alupka, huko Crimea, wakitumaini hewa ya bahari ingemsaidia, naye akafariki Novemba 1931 akiwa na miaka kumi na mmoja. Baba aliyaona maradhi yale kuwa adhabu ya kuzikana ngano zake. Mimi nikisoma habari hizo sishangai tena kwamba alinyamaza. Nashangaa kwamba alijaribu tena. Wakati wa vita alitunga ngano iliyomrejesha Barmaley, yule haramia wa mashairi yake ya zamani, nayo ikashambuliwa katika Pravda mwaka 1944. Kisha akaandika habari za Bibigon, kijitu kidogo kama kidole, na mwaka 1946 uchapishaji wake ukakatizwa katikati ya mfululizo.

Naomba pia tusimwone kama mtu wa kuchekesha tu. Ngano ya mamba aliianza ndani ya treni usiku, mwanawe mgonjwa akilia kwa maumivu. Ili kumtuliza alianza kusema maneno yoyote yaliyomjia, akiyapanga kwa mwendo wa magurudumu kwenye reli, na mtoto akanyamaza kusikiliza. Ukiyasoma mashairi hayo kwa sauti, hata kama Kirusi chako ni cha kubahatisha, utausikia mwendo ule. Baadaye aliwawekea watunzi kanuni: kila beti fupi impe mchoraji picha, vina vikae karibu karibu, vitenzi vitawale, na vivumishi vipunguzwe, kwa sababu mtoto mdogo huvutwa na kitendo kuliko sifa.

Msomaji wa Ngano:

Nawashukuru sana. Sikuwa na habari za Mura. Basi miaka yote hiyo aliishi kwa kazi gani?

Mfuatiliaji wa Fasihi:

Alifasiri, alihakiki, na alimchambua mshairi Nekrasov kwa kina, kazi iliyompatia Tuzo ya Lenin mwaka 1962, mwaka uleule aliotunukiwa shahada ya heshima na Chuo Kikuu cha Oxford. Huko Peredelkino, karibu na Moscow, alijenga maktaba ya watoto wa jirani.

Hata hivyo, kitabu ninachokipenda zaidi ni kile alichokikuza toleo baada ya toleo, kuhusu lugha ya watoto wa miaka miwili hadi mitano. Humo amekusanya maneno waliyoyabuni wao wenyewe. Mtoto mmoja, kwa mfano, aliita vaselini "mazelin", kwa sababu kitenzi cha Kirusi cha kupaka ni "mazat", na kitu cha kupakwa hakina budi kubeba jina la kupakwa. Chukovsky hakuliona hilo kuwa kosa la kusahihishwa. Aliona ni mtu wa miaka mitatu anayeijenga upya sarufi nzima ya lugha yake bila mwalimu, na akaandika kila neno la namna hiyo alilolisikia au kutumiwa na wazazi kwa barua. Anza na kitabu hicho, ndugu yangu, kisha ndipo urudi kwenye mamba.