Naomba ushauri: mbegu za mboga za bei nafuu kwa bustani ya mita 6 kwa 4, Dar

Jirani_wa_Bomba

Wakuu, habari za jioni.

Nina eneo nyuma ya nyumba, Kimara, mita 6 kwa 4. Udongo mwekundu, jua la kutosha kuanzia asubuhi hadi saa tisa, maji ya bomba ya mgao na tangi la lita 1,000. Nataka kuanza mwezi wa sita, masika yakishakatika. Ni mboga za nyumbani, watu sita, siyo biashara. Bajeti ya mbegu ni 15,000 na sitaki kuizidisha.

Madukani nimechanganyikiwa. Pakiti ya gramu 10 ya nyanya za kawaida ni rahisi, chotara ya aina hiyo hiyo ina mbegu za kuhesabika na bei yake imeruka mbali. Kuna anayepima kwa kijiko cha chai kutoka kwenye kopo lililo wazi, rahisi kuliko wote. Mtandaoni kuna "mchanganyiko wa aina 20". Nichukue ipi? Orodha yangu: nyanya, hoho, kabichi, karoti, sukuma wiki, spinachi, mchicha, bamia, bilinganya, giligilani, matembele.

Kitalu_Mbichi

Mkuu, anza kwa kuhesabu mashina kabla ya kuuliza bei. Watu sita wanatoshwa na mashina 12 ya nyanya, 20 ya sukuma, 20 ya spinachi, 4 ya bilinganya, 6 ya hoho na 15 ya bamia. Sasa tazama pakiti: gramu moja ya nyanya ina mbegu kama 300. Pakiti yako ya gramu 10 ni mbegu 3,000 kwa mtu anayetaka mashina 12. Hata kama ni rahisi, umelipia mbegu utakazozitupa.

Kwa makadirio, gramu moja ina:
kabichi, sukuma, chainizi: 250 hadi 300
bilinganya: 200 na zaidi
hoho: 150
karoti: 800
spinachi: 50 hadi 60, na kila punje hutoa miche miwili au mitatu
tango: 35 hivi
bamia: 15 hadi 18

Bamia ndiyo pekee hapo inayohitaji gramu za maana. Nyingine zote tafuta pakiti ndogo kuliko zote dukani, hata kama kwa gramu inaonekana ghali. Au tafuteni majirani watatu wanne mnunue pakiti moja na kugawana siku hiyo hiyo. Kila mmoja aandike kwenye bahasha yake jina la aina, namba ya loti na tarehe ya kuisha, maana baada ya miezi miwili hakuna atakayekumbuka ipi ni sukuma na ipi ni kabichi.

Mama_Ngogwe

Naongezea kwa upande wa pili: vitu kadhaa kwenye orodha yako havihitaji pesa nyingi.

Matembele hayana habari ya mbegu. Omba marando kwa jirani, kata vipande vya sentimita 30 vyenye vifundo vinne au vitano, fukia theluthi mbili, mwagilia kila siku wiki ya kwanza. Mwisho.

Giligilani nunua duka la viungo, ile nzima isiyosagwa. Kila punje ni mbegu mbili zilizofungwa pamoja, kwa hiyo iviringishe chini ya chupa mpaka ipasuke katikati, usiiponde. Loweka usiku mmoja, panda papo hapo itakapokaa. Ila jaribu chache kwanza, nyingine zimekaa ghalani mpaka zimekufa. Kunde za majani nunua sokoni robo kilo. Pilipili mbuzi, ngogwe na boga toa kwenye tunda lililoiva kabisa, siyo lililokomaa tu. Bilinganya ya kupika haifai kwa mbegu, ni changa. Mpaka igeuke manjano au kahawia.

Mchicha nunua mara moja tu. Acha mashina matano bora yatoe maua, usiyachume majani. Kichwa kikianza kukauka, kikate, kipukutie kwenye ungo. Shina moja linakupa mbegu za mwaka. Kasoro yake ni kwamba mchicha unachavushwa kwa upepo, na ule mchicha pori wa uchochoroni utaingia humo. Ukiona miche yenye miiba kwenye vikonyo, ng'oa.

Punje_Moja

Hapo kwa Mama Ngogwe pana jambo moja kubwa la watu wa Pwani. Kabichi, sukuma, karoti, kitunguu na spinachi hazitoi maua mpaka zipitiwe na baridi ya wiki kadhaa. Dar baridi hiyo hakuna, ndiyo maana sukuma inaweza kukaa mwaka mzima inaota majani tu. Kwa hiyo usipange kuvuna mwenyewe mbegu za hizo. Bajeti yako iende huko. Chainizi ndiyo tofauti: joto likizidi yenyewe inakimbilia kutoa maua.

Na usinunue hizo za jamii ya kabichi kwa kijiko. Mbegu ya kabichi, sukuma, chainizi, koliflawa, zote ni vidonge vyeusi vya duara na jicho halitofautishi. Muuzaji akichanganya, hata kwa bahati mbaya, utajua baada ya wiki sita. Mchicha ukiwa mbaya unajua ndani ya wiki moja, hasara yake ndogo.

Kopo lenyewe si adui. Likiwa limefungwa kiwandani mbegu hukaa vizuri sana kwa sababu hewa yenye unyevu haiingii. Shida ni siku lilipofunguliwa. Kwa hewa ya Dar, kopo lililo wazi kaunta miezi minne limekwisha, hata kama tarehe ya kuisha ni mwakani. Muulize lilifunguliwa lini, soma lebo ya kopo lenyewe, kisha angalia linakaa wapi. Likiwa dirishani linapigwa jua, aga uondoke.

Kwenye pakiti tafuta lebo ya TOSCI (taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu), jina la aina (siyo "Nyanya" tu), namba ya loti, asilimia ya uotaji, tarehe ya kupimwa na ya kuisha. Yenye stepla, tundu, au stika ya tarehe iliyobandikwa juu ya nyingine, iache. Na mbegu yenye rangi ya waridi au bluu imetiwa dawa ya ukungu: nawa mikono, na zilizobaki usiwape kuku.

Jirani_wa_Bomba

Asanteni sana, nimeshaona nilivyokuwa napotea. Sasa kuhusu chotara: kwa mashina 12 ya nyanya, F1 ina maana yoyote? Na ndugu yangu amenipa pakiti za zamani, nyanya na kitunguu, zimepita tarehe mwaka mmoja. Nizitupe?

Shamba_Darasa

F1 ni ghali kwa sababu ua la mama huondolewa chavua kwa mkono, kisha hupakwa chavua ya baba, ua kwa ua. Unalipia kazi ya mikono. Faida yake ni mavuno ya pamoja, tunda la saizi moja, na mara nyingi ukinzani wa magonjwa kadhaa kwa mpigo. Mwenye ekari anayesubiriwa na lori anaihitaji. Wewe unayechuma nne za mchuzi, kuiva kwa pamoja ni usumbufu.

Chukua Tanya au Tengeru 97, zimetoka kwenye utafiti wa Tengeru, Arusha, ni za kawaida, na mbegu zake utavuna mwenyewe. Cal J na Roma VF ni fupi, kijiti kimoja kinatosha. Money Maker inapanda juu bila kikomo, itakudai mti wa mita moja na nusu na kupogoa kila wiki. Zile herufi baada ya jina zisome: V na F ni ukinzani wa minyauko miwili ya ukungu, verticillium na fusarium, N ni minyoo fundo, T ni virusi vya batobato. Hakuna herufi ya kantangaze, yule mdudu anayetoboa majani na matunda ya nyanya. Anayekuuzia mbegu "isiyoshambuliwa na kantangaze" anakuuzia maneno.

Kitalu_Mbichi

Shamba Darasa, nakupinga kidogo tu. Eneo likiwa na mnyauko bakteria, ule ambao mche unalala ghafla ungali kijani, Tanya zote 12 zitakwenda. Hapo F1 yenye ukinzani huo ina maana yake. Lakini asinunue pakiti. Anunue miche 12 kwenye kitalu kinachootesha F1. Miche iwe mifupi, minene shingoni, majani manne au matano, bila ua. Geuza jani: ukiona inzi weupe wanaruka, rudisha trei. Hoho pia afanye hivyo. Kwa mashina sita, pakiti ya hoho ni kutupa pesa, halafu inachelewa kuota.

Shamba_Darasa

Kwa miche nakubali. Kipimo chepesi cha mnyauko huo: kata shina lililolala, litumbukize kwenye glasi ya maji safi. Uzi mweupe kama maziwa ukishuka, ni bakteria.

Punje_Moja

Pakiti za zamani: kitunguu tupa, mbegu yake hata ikiwa mpya haifiki mbali, mwaka mmoja au miwili. Nyanya hukaa miaka minne ikitunzwa, kwa hiyo ipime.

Hesabu mbegu 20. Tandika tishu mbili kwenye sahani, lowesha kisha inamisha maji yadondoke yote. Tishu ing'ae bila dimbwi. Panga mbegu zisigusane, funika na tishu nyingine, ingiza kwenye mfuko wa plastiki, weka kivulini. Fungua kila siku zipate hewa. Mchicha hesabu siku ya 4, nyanya na sukuma siku ya 7, karoti na hoho subiri mpaka 14. Hesabu zilizotoa mzizi ulionyooka, siyo zilizovimba tu. Zikiwa 15 kati ya 20 ni asilimia 75. Unataka mashina 12? 12 gawa kwa 0.75 ni 16, ongeza chache za kufidia kinyausi (ugonjwa wa miche kuoza shingoni na kulala), sia 20. Zikiota 8 tu achana nazo. Hata hizo 8 zitatoka dhaifu na kwa kupishana.

Zilizobaki: chupa ya kahawa yenye mfuniko wa kukaza. Kaanga mchele mkavu mpaka uwe kahawia, upoe kabisa, mimina robo ya chupa, juu weka mbegu kwenye bahasha za karatasi. Iache siku tatu, kisha friji, siyo friza. Kila unyevu wa mbegu unaposhuka kwa asilimia 1, umri wake hukaribia kuongezeka maradufu, na joto likishuka nyuzi 5 vivyo hivyo. Ukiitoa friji usiifungue mpaka chupa ipate joto la chumba, la sivyo jasho litaingia ndani.

Mama_Ngogwe

Ule mchanganyiko wa aina 20 usiuguse. Mara nyingi nusu yake ni vitu ambavyo havistahimili joto la Dar, na majina ya aina hayaandikwi. Na zile "nyanya za bluu" na "stroberi za kila rangi" kutoka ng'ambo, picha zimepakwa rangi. Juu ya hayo, mbegu za nje zinahitaji kibali cha kuingiza na cheti cha afya ya mimea, hata kama ni bahasha moja.

Jirani_wa_Bomba

Nimeelewa. Orodha mpya ya kununua: sukuma Georgia, spinachi Fordhook Giant, karoti Nantes, mchicha, bamia Clemson Spineless, kabichi Gloria F1, bilinganya Black Beauty. Nyanya naipima ile ya zamani kwanza. Miche ya hoho sita. Nimekosea wapi?

Kitalu_Mbichi

Kabichi itoe. Shina moja linakaa zaidi ya miezi miwili kwenye nafasi ya nusu mita, linakupa kichwa kimoja, na joto likirudi mwezi wa kumi vichwa havifungi vizuri. Hiyo nafasi wape sukuma. Bilinganya nne tafuta kitaluni pamoja na hoho. Karoti badilisha Nantes uchukue Chantenay, ni fupi na nene, udongo wako mwekundu ukikaza hautaikunja. Isiwe kwenye trei, karoti haihamishwi. Mzizi ukiguswa unagawanyika kama miguu ya kuku.

Mchicha changanya kijiko kimoja cha chai cha mbegu na vikombe viwili vya mchanga mkavu, tawanya kwenye mita 3 hadi 4 za mraba, fagia kwa tawi, usifukie zaidi ya nusu sentimita. Siku hiyo hiyo zungushia jivu pembeni, sisimizi watabeba mbegu zote usiku mmoja na utakuja kulaumu duka. Sukuma na nyanya kwenye trei, mbegu moja shimo moja, sentimita moja chini. Maji asubuhi tu. Kinyausi kinaanza kwenye udongo unaolala umelowa, na mbegu zilizorundikana ndizo za kwanza kulala.

Bamia loweka saa 12, sia mbili kila shimo, sentimita 30 kati ya mashimo. Mashimo 15 ni mbegu 30, yaani gramu mbili. Usikubali akupimie zaidi.