Naomba ushauri: nimekataa kuchapa bango la kitimoto (nyama ya nguruwe), sasa naitwa mbaguzi

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Nina kiofisi cha kuchapa mabango na fulana hapa Moshi mjini. Mimi ni Msabato, kwetu pombe na nguruwe ni mwiko. Juzi mteja wangu wa siku nyingi, Mlutheri, kaja anataka bango la baa yake mpya: bia upande huu, kitimoto upande ule. Nikamwambia kwa heshima, kaka, kadi za kipaimara cha mwanao nilichapa mimi, ila hili dhamiri inanisuta. Nikamwelekeza kwa jirani. Akanuna, akaandika kwenye grupu la wafanyabiashara kwamba nabagua wateja kwa dini.

Sijamkataa yeye, nimekataa maneno ya bangoni. Au ni kitu kimoja? Katiba ya 1977 ibara ya 18 inalinda maoni, ya 19 imani, lakini ya 13 inakataza ubaguzi. Hapo ndipo nachanganyikiwa. Mke wangu naye kanichoma: mbona vipeperushi vya wagombea, uongo mtupu, unachapa bila kusutwa? Sikuwa na jibu.

Nimjibu kwenye grupu au ninyamaze? Na nikibandika mlangoni kazi nisizopokea, si nitafukuza wateja wote?