Konokono wa akwariamu: nerita, Pomacea au tarumbeta?

Mwani_Kijani
Wakuu, salaam. Nina tangi la lita 60, mchanga laini chini, mimea ya kutosha, samaki wadogo aina ya gapi na uduvi wachache. Kioo hakikai siku nyingi bila kuota ukoga wa kijani. Nataka konokono wa kunisaidia, ila sitaki wajae tangi zima. Nimebaki na watatu: nerita, Pomacea wale wakubwa wa manjano, na Melanoides, hawa wembamba tunaowaita tarumbeta. Waliowafuga naomba mnilinganishie.

Bin_Ngisi
Kwa shida yako, nerita. Kwa ukoga wa kioo hana mpinzani, hata yale madoa magumu anayakwangua. Na kujaa hawezi kukujazia: anataga, lakini viluwiluwi wake hawakui bila maji yenye chumvi. Kero ni mayai yenyewe, meupe kama punje za ufuta, yanaganda kwenye mawe na magogo na hayatoki kirahisi. Usimtie kwenye tangi jipya. Wengi wao hawagusi mboga wala chakula cha samaki, kwa hiyo ukoga ukiisha njaa inawaua. Ukimkuta amelala chali mgeuze, kujigeuza humshinda.

Mama_Gapi
Nerita ni mzuri, lakini Pomacea diffusa, huyo wa manjano unayemtaja, asidharauliwe. Huyu anafuta masalio: chakula kilichozama, majani yanayooza. Ukoga anakula kiasi tu. Anafika sentimita 5 hivi na uchafu wake ni mwingi, kwa lita 60 usizidishe wawili. Acha nafasi ya hewa chini ya kifuniko, maana ana mrija wa kupumulia juu ya maji. Kuzaliana unakudhibiti mwenyewe: kichala cha mayai hutagwa juu ya maji, unakiona, unakibandua. Hata jike mmoja anaweza kutaga, kwa sababu huhifadhi mbegu za dume muda mrefu.

Jambo la kuangalia kwa makini ni jamaa yake, Pomacea canaliculata. Yule anafyeka mimea na ni adui mkubwa wa mashamba ya mpunga. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku jenasi yote, yaani Pomacea wa kila aina, mwaka 2012 kwa sababu ya hasara hiyo. Mtazame gambani: canaliculata ana mfereji wa kina pale mizunguko inapokutana, na mayai yake ni ya waridi kali. Asiyejua anauza nini, usinunue kwake.

Fundi_Mchanga
Nawatetea tarumbeta. Mchana wanajichimbia, wanaupekua mchanga usigande na kuharibika, kazi ambayo nerita na Pomacea hawaifanyi. Mimea mizima hawaigusi. Ila Mwani_Kijani, kwa sharti lako hawakufai. Jike anazaa bila dume, tena watoto hai, na ukishawatia mchangani kuwatoa wote ni vigumu mno. Idadi yao inafuata chakula: anayelisha samaki kupita kiasi ndiye anayejaza tangi. Chakula kikipungua, nao wanapungua.

Kijana_wa_Bwawa
Kwani wa bwawani au mtoni hawafai? Si konokono ni konokono?

Mama_Gapi
Mdogo wangu, usithubutu. Bulinus na Biomphalaria wanaishi humohumo, na ndio wanaobeba kichocho. Konokono aliyeambukizwa huachia vijidudu majini, navyo hupenya ngozi nzima, haihitaji kidonda. Wewe kila wiki unatia mkono tangini. Biomphalaria ana gamba la kujikunja bapa, kwa macho hutamtofautisha na wale wa bapa wanaouzwa. Waliozalishwa matangini hawana hatari hiyo, kwa sababu konokono huambukizwa na maji yaliyoingiwa na mkojo au kinyesi cha mtu mgonjwa. Na wa tangi nao wasimwagwe mtoni kamwe.

Mwani_Kijani
Nimeelewa, nakwenda na nerita wawili. Maji yangu ni laini, yaani yana madini machache, na pH, kipimo cha uchachu, iko chini kidogo ya 7. Itawasumbua?

Bin_Ngisi
Itawasumbua. Maji ya aina hiyo hula gamba, utaliona linachubuka na kuwa jeupe kuanzia kileleni. Tia kipande cha mfupa wa ngisi, au maganda ya mayai yaliyochemshwa na kusagwa, kisha pima ugumu wa maji mpaka upande. Na samaki wakiugua soma kibandiko cha dawa kwanza. Nyingi zina shaba, na shaba inaua konokono wote hawa pamoja na uduvi wako.

Mwani_Kijani
Kifuniko changu kina tundu la kupitishia bomba. Watapita?

Bin_Ngisi
Nerita ni mpanda ukuta, tundu hilo lizibe kwa sponji. Ukimkuta sakafuni usimtupe hata kama hasogei. Kama amejifunga gambani, mrudishe majini umsubiri hadi kesho yake.