"Inueni mioyo", si "inueni simu": mnaonaje?

Katekista Mstaafu: Tumsifu Yesu Kristo. Jumapili, kengele ya mageuzo, mkate unapogeuka Mwili wa Kristo, imelia, padre ameinua Hostia, na dada wa mbele yangu naye akainua simu. Mikono yake ilinizibia altare yote, nikabaki kumwona Bwana ndani ya kioo chake, mdogo kama kifungo cha shati. Nikamkumbuka marehemu Papa Fransisko, nadhani ilikuwa 2018, aliposema padre anatuambia tuinue mioyo, hatuambii tuinue simu tupige picha. Je, tuweke kapu la simu mlangoni? Na wanaoongoza kwa simu ni wanakwaya.

Soprano wa Moshi: Milele amina. Wanakwaya tumekukosea nini? Nota zetu ziko kwenye simu. Kopi za waimbaji arobaini atalipia nani, wewe? Njoo mazoezini usiku utuone tulivyochoka, ndipo utuhukumu.

Mwana wa Kilema: Siyo 2018. Ni tarehe 8 Novemba 2017, katekesi ya Jumatano, Uwanja wa Mtakatifu Petro. Tena msiikate: alisema anahuzunika kwa sababu si walei peke yao, hata baadhi ya mapadre na maaskofu. Hiyo sehemu mbona hamuitaji?

Mama Jumuiya: Macho yangu hayaoni tena herufi za misale. Kwenye simu nakuza masomo mpaka nayaona. Kuna siku nilinyooshewa kidole katikati ya Injili, watu wote wakageuka. Nilirudi nyumbani nalia. Na mwaka 2020, Misa zimesimamishwa Italia kwa korona, tarehe 27 Machi Papa akasimama mvuani kwenye uwanja mtupu, akatubariki kwa Ekaristi. Mimi nilimwona wapi? Kwenye simu hii hii, nimeiegemeza kwenye kikombe, nimepiga magoti sakafuni.

Mhasibu: Mkiweka kapu, sadaka tutatoaje? Kwetu namba ya kulipia imebandikwa kwenye nguzo.

Katekista Mstaafu: Sadaka ni kuinuka kwenye benchi ukaipeleke kwa mikono yako! Mimi nilijifunza kutoa kwa kushikishwa sarafu na mama yangu, ina joto la kiganja chake. Ukibonyeza, mtoto anajifunza nini?

Mhasibu: Mzee, shikamoo, lakini muamala unaacha kumbukumbu. Pesa ya kikapuni kumbukumbu yake iko wapi?

Soprano wa Moshi: Kwa hiyo wanaohesabu sadaka ni wezi? Mume wangu anahesabu mwaka wa sita huu, hajawahi kuomba hata nauli!

Mhasibu: Dada, sijamtaja mtu.

Soprano wa Moshi: Umewataja wote.

Kijana wa Parokia: Jamani, turudi kwenye mada. Carlo Acutis alifariki 2006 ana miaka 15, ameacha tovuti ya miujiza ya Ekaristi, na tarehe 7 Septemba 2025 ametangazwa mtakatifu. Chombo hakina kosa.

Mwana wa Kilema: Huyo alikwenda Misa kila siku, kijana. Tovuti hakuitengeneza wakati wa mageuzo.

Mama Jumuiya: Na mimi mwenye macho mabovu, kapu hilo linanihusu? Hakuna aliyenijibu.

Soprano wa Moshi: Mama, wewe soma kwa simu yako, atakayekunyooshea kidole aje kwangu. Mhasibu, Jumapili mume wangu yuko zamu baada ya Misa ya kwanza. Njoo ukae naye mezani, mmwage kikapu pamoja, mhesabu mpaka sarafu ya mwisho. Nitakuwa mlangoni nawasubiri.