Naomba ushauri: utani wa mpira umegeuka matusi katika kundi letu

Kiungo Mkabaji:
Habari zenu wanajamvi. Ninasimamia kundi la WhatsApp la watu 40 hivi tuliosoma pamoja, nusu yetu tukishabikia timu moja na nusu mahasimu wake. Miaka yote tumetaniana bila kinyongo, lakini tangu mechi ya mwisho, iliyoamuliwa kwa penalti ya dakika za nyongeza, lugha imechafuka. Mmoja aliandika kwamba mashabiki wa upande wa pili hawana akili. Aliyejibu akamtukana mama yake mzazi, ambaye hata arobaini yake haijapita. Sasa wanaahidiana kukutana uwanjani siku ya marudiano. Nikimwondoa mmoja nitaonekana ninapendelea, kwa kuwa na mimi nina timu yangu. Nifanyeje?

Kadi ya Njano:
Pole, ndugu yangu. Utani wa mpira una mipaka inayojulikana: mcheke kipa aliyetoka vibaya, icheke kabati isiyo na kombe, lakini ukishamgusa mtu mzazi, kabila, dini au maumbile yake, hapo huzungumzii mpira tena. Waige FIFA, ambao kwa matusi ya kibaguzi wamempa mwamuzi hatua tatu: kusimamisha mchezo, kuwatoa wachezaji uwanjani kwa muda, na mwishowe kuuvunja. Tangaza hatua zako kabla ya marudiano, na wa kwanza kuadhibiwa awe wa timu yako, ikiwa amekosa.

Beki wa Pembeni:
Siku ya mechi funga kundi, wasimamizi pekee waandike. Yataisha.

Mzee wa Jukwaani:
Hayataisha, kijana, kwa sababu ahadi ya kukutana haikai ndani ya simu. Pale Heysel, uwanja wa mpira ulioko Brussels, Ubelgiji, tarehe 29 Mei 1985, mashabiki wa Liverpool na Juventus walianza kwa kurushiana vitu kabla ya mpira kuanza. Baadaye upande mmoja ukauvamia mwingine, ukuta ukaanguka, na watu 39 wakafa. Simaanishi kwamba wenzako wawili watafika huko. Ila mtu aliyetishia mbele ya watu 40 huona aibu kurudi nyuma mbele ya watu hao hao, kwa hiyo mpigie kila mmoja peke yake, umpe njia ya kurudi ambayo hakuna anayeitazama. Asipoiacha nia yake, mwambie mtu wa nyumbani kwake anayemsikiliza.

Kiungo Mkabaji:
Nawashukuru nyote, shikamoo Mzee. Nimerudi kusoma ujumbe wa siku ile tangu mwanzo, na nimeona kitu nilichokuwa nimekisahau: chini ya yale maneno ya kwanza, kwamba wenzetu hawana akili, kikaragosi cha kwanza cha kicheko nilikiweka mimi. Jioni hii ninampigia aliyefiwa, halafu yule mwingine. Kumwomba radhi huyo wa pili ndiko kunakonipa kazi.